Jinsi ya Kulipa Kodi ya Ukoo Rumonge na Ukabaki na Nauli

Kodi ya serikali ina ofisi, fomu na saa za kufunga. Kodi ya ukoo haina hata kimoja kati ya hivyo, na mapato yake hayajawahi kupungua. Mwongozo huu ni wa mtoto wa Rumonge, Burundi, anayehangaika Bujumbura, Kigoma au Brussels, na ambaye sasa anarudi nyumbani akidhani, masikini, kwamba anakwenda kusalimia tu.

1. Jua viwango. Sheria ya kodi ya mapato ya Burundi ya mwaka 2013 iliuachia mshahara faranga 150,000 za kwanza kwa mwezi bila kuzigusa. Kutoka hapo hadi 300,000 ikakata asilimia 20, na juu yake asilimia 30. Ukoo hauna msamaha wa aina hiyo. Shangazi huanza kuhesabu kwenye faranga ya kwanza, tena hakadirii kwa karatasi ya mshahara, anakadiria kwa viatu. Ukifika Magara, kabla ya Rumonge, vua viatu, vaa kandambili. Zisiwe mpya.

2. Chagua usiku wa kufika. Ndagala, yaani dagaa wa ziwani, huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukijaa, mitumbwi hulala ufukweni na wajomba hulala nyumbani. Mgeni asiyejua hufika mwezi mpevu: wajomba wote wapo, hakuna aliyevua kitu, na kila mmoja ana shida iliyokwisha kuiva. Wewe fika mwezi ukiwa haupo. Ila zile boti kubwa za uvuvi, za Apolo, zikirudi alfajiri, usiulize kama petroli imepatikana. Kwa Burundi ya siku hizi, swali hilo linagharimu lita ishirini.

3. Usijitetee kwa sheria za Ulaya. Ubelgiji, pesa uliyompa mwanao kupitia benki bila kuisajili haitozwi kodi ya zawadi, mradi wewe mtoaji uishi muda uliowekwa: Brussels miaka 3, Wallonia miaka 5, na Flanders nayo ikapandisha hadi 5 kwa zawadi za kuanzia 2025. Ukifa mapema, inahesabiwa kwenye urithi. Uingereza utahitaji kuishi miaka 7. Ufaransa, kila mzazi anaweza kumpa kila mwanawe euro 100,000 bila kodi, kila baada ya miaka 15. Msimulie mjomba haya yote. Atasikiliza kwa makini, kisha atauliza hizo 100,000 umeziweka wapi. Na sharti la kuishi halihitaji kuandikwa hapa kwetu: hakuna anayekuombea maisha marefu kama mtu unayemlipia ada.

Wa Marekani mna jipya. Tangu Januari 2026, anayetuma nje pesa aliyoilipa taslimu hukatwa asilimia 1. Unaweza kumwambia binamu kwamba mzigo umepungua kwa sababu hiyo. Lakini asilimia 1 ya dola 50 ni senti 50, na binamu alifaulu hesabu.

4. Kimbilia zaka, ukiweza. Hapa angalau kanuni ziko wazi: asilimia 2.5 ya mali iliyofika nisabu na kutimiza mwaka. Baba, mama na wanao hawapewi, maana kuwatunza ni wajibu wako hata bila zaka. Ndugu, shangazi na wajomba walio mafukara wanaruhusiwa, na wanazuoni wanafundisha kwamba una thawabu mbili: ya kutoa na ya kuunga udugu. Taabu ni kwamba wajomba walisoma madrasa ileile. Ikifika Ramadhani, hata mwenye shamba la michikichi atakuonyesha vidole vilivyochomwa na miba, ushahidi wa ufukara. Mama haidai zaka. Yeye hana haja na ile mbili na nusu. Anangoja tisini na saba na nusu iliyobaki.

5. Liogope daftari. Harusi ina intwererano, yaani michango, na intwererano ina daftari. Huo ndio waraka pekee wa kodi hii, na haupotei. Mlichopewa siku dada yako alipoolewa kimeandikwa kwa wino wa buluu. Faranga imeshuka thamani tangu siku hiyo. Daftari halijui, lakini mwenye daftari anajua sana.

6. Usiseme huna salio. Wakala wa Lumicash, pesa za simu, wa pale kona ni mpwa wako.

7. Usikate rufaa. Hakimu wa rufaa ni mama, na mama ndiye aliyewapigia wote simu kwamba unakuja.

Ukiyafuata haya yote, utapanda Probox ya kurudi Bujumbura ukiwa na nauli kamili mfukoni, wala si faranga moja zaidi. Chini ya miguu utakuta chupa ya mawese na mfuko wa ndagala wakavu, vimewekwa na mtu aliyekuomba pesa jana na hataki kushukuriwa. Hayo ndiyo marejesho ya kodi, na hayana fomu. Yafiche vizuri. Buyenzi, hukohuko Bujumbura, kuna mama mdogo, na ameshajua gari limetoka saa ngapi.