Kama Alivyosema Mzee

Ukiombwa kuhutubia watu wa Nyanza-Lac, Burundi, ulizia mwezi kabla ya kuulizia mada. Ndagala, yaani dagaa wetu, huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwahadai tena, mitumbwi inalala ufukweni, na watu wanapata nafasi ya kukaa kwenye viti vya plastiki wakusikilize. Ukipanga mkutano wakati wa giza, utahutubia viti. Nimesoma vitabu viwili vitatu vya ufundi wa kuzungumza hadharani. Vyote vinajua mikono iwekwe wapi, lakini habari za mwezi hamna hata kimoja.

Mimi niliombwa kuzungumza na akina mama wanaokausha ndagala, dakika ishirini, juu ya vichanja. Maneno yenyewe si mazito. Ukiwaanika mchangani wanachelewa kukauka, kuku wanajichukulia fungu lao, mvua ikishtukiza wanaoza, na waliosalia wanakwenda sokoni na mchanga wao. Ukiwaanika kwenye wavu wa waya ulioinuliwa juu ya miti, upepo unapita juu na chini, wanakauka upesi, safi, na bei inapanda. FAO walianza kuonyesha jambo hilo hapa kwetu Mvugo mwaka 2004, kwa hiyo sikuwa nashusha wahyi. Kazi yangu ilikuwa kuwakumbusha waliosahau na kuwachokoza wabishi.

Sasa, huwezi kusimama mbele ya watu wa mtaa bila kupita kwanza kwa mzee. Nikapita. Nilimkuta chini ya mchikichi wake, fimbo imelala mapajani.

"Karibu, mwanangu. Kesho utatuambia nini?"

Nikamweleza yote, mpaka mfano wa kuku. Alisikiliza kwa makini ambayo mwalimu yeyote angeyatamani. Aliuliza maswali ya maana. Akaomba nirudie ile ya upepo.

Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Ethel Albert, aliyefanya utafiti Burundi miaka ya 1950, aliandika katika makala yake ya 1964 kwamba Warundi wakikutana, mkubwa ndiye anayeanza kusema, kisha anayemfuata kwa heshima, hivyo hivyo hadi mdogo wa mwisho, ambaye kazi yake ni kuafiki. Makala ina zaidi ya miaka 60, na utaratibu huo bado haujapata ufa.

Kesho yake tuliitwa saa tatu, tukaanza saa nne na nusu, jambo ambalo kwa huku ni kuwahi. Ikaja dua ya sheikh, ikafuata sala ya mchungaji, na hakuna aliyetaka ya kwake ionekane fupi kuliko ya mwenzake. Zikaja salamu za viongozi. Tangu 2025 mikoa ya nchi imepunguzwa kutoka 18 hadi 5, Makamba yetu ikaingia ndani ya Burunga, na mshereheshaji, kwa usalama wake, aliwasalimu wenye vyeo vipya na waliokuwa na vyeo vya zamani. Halafu kuna ndugu zetu waliokulia makazi ya wakimbizi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo, wakarudi kwa wingi kuanzia 2008, na mikutano ya Tanzania wakarudi nayo. Kwao neno halitoki bila "Ndugu Mwenyekiti". Wakataka ajenda ipitishwe kwanza. Ikapitishwa, na kwenye "mengineyo" ikaongezwa habari ya mbuzi aliyepotea.

Mikro ilitegemea bafle, bafle ikategemea jenereta, na jenereta ikategemea chupa moja ya petroli, ambayo miaka hii ni mgeni rasmi kuliko mimi. Simu ya kijana wa muziki ilikuwa imeunganishwa na bafle. Ikaita katikati ya dua, kijana akaparamia kitufe kisicho chenyewe, na ufuko wote ukasikia sauti ya mwanamke: "Uko wapi wewe? Mchele umekwisha!" Sheikh akavuta pumzi, akaitikia amina, akaendelea.

Mzee akasimama, akagonga fimbo chini, akaanza na kuku wangu.

Mikononi mwake kuku yule alikuwa mwingine kabisa. Alikuwa na rangi, tena ana mwenyewe, mama mmoja wa safu ya pili, aliyejifunika uso kwa kitenge kwa kicheko. Upepo mzee aliupitisha juu na chini kwa kiganja, polepole, hata mtu ukaona baridi. Mvua akainyesha. Bei akaipandisha. Kila nukta niliyoiandika nikawa naikata kwa kalamu chini ya meza, mpaka zikabaki mbili: mwaka 2004 na "asanteni".

"Sasa mtaalamu wetu," akasema mshereheshaji, "dakika tano."

Nikaanza: "Kama alivyosema mzee..." Wakaitikia kwa vichwa. Nikaendelea: "Na pia, kama alivyosema mzee..." Nilipofika ya tatu, watoto walioning'inia kwenye uzio waliimaliza pamoja nami.

Hapo mama mmoja akanyanyuka, akafungua fundo la kitenge.

"Mwanangu, hawa wa mchanga wewe unawala?"

Akanipa mmoja. Mbele ya kadamnasi, chakula cha mama hukatai. Nikatafuna, nimesahau mikro iko mdomoni.

Bafle ilitoa mlio wa lori linalogeuza kwenye kokoto. Watu waliinama kwa kucheka, kiti kimoja kikavunjika mguu. Demosthenes, yule msemaji wa Wagiriki, husimuliwa kwamba alijifunza ufasaha kwa kuhutubia na changarawe mdomoni. Bahati yake hakuwa na kipaza sauti. Mama akanipa wa pili, wa kwenye kichanja. Nikatafuna. Bafle kimya.

"Mmesikia?" akauliza.

Walikuwa wamesikia, na somo likawa limekwisha. Swali lililofuata halikuwa kwenye karatasi yangu wala kwenye hotuba ya mzee: waya mita moja ni bei gani? Mshereheshaji akachukua simu ya kijana wa muziki, akampigia mwenye duka Rumonge. Muunganisho na bafle hakuna aliyekumbuka kuukata. Mwenye duka akataja bei, akina mama mia wakaguna kwa pamoja. Kimya kidogo.

"Kwani uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu."

Akashusha. Wakaguna tena. Ndiyo kwanza anaanza kushusha mara ya pili, petroli ikakata.