Muulize Meku: Boma Limefika Lenta, Desemba Inabisha Hodi

*Shikamoo Meku. Nina kihamba Uru: migomba, mibuni michache, ng'ombe mmoja wa maziwa. Boma langu limefika lenta na hela imekata. Desemba ndugu zangu wa Dar wanapanda. Nimuuzie dalali ndizi zote zikiwa bado mgombani, nipate bati? – Baba wa Boma*

Marahaba, mwanangu. Una bahati barua imenifikia mimi. Mshauri mwingine angekwambia ukakope, akaenda zake kulala. Mimi nitaanza na habari za nyumba yangu, maana usipoijua nyumba yangu hutajua unashauriwa na nani.

Nyumba yangu iko Kibosho. Wazungu wakishuka mlimani huipiga picha kwanza, ndipo wanapoikumbuka Kibo. Ramani niliichora mwenyewe uani kwa kijiti. Mvua ya masika ikaifuta kabla fundi hajafika, tukaendelea kwa kumbukumbu yangu, ambayo ni kali. Ndiyo maana sebule ina kona tano. Msingi ni wa mawe ya bure, kwa sababu mlima wetu uliyatapika zamani, kazi iliyobaki ni kuyaokota. Simenti ilikuja mfuko mmoja mmoja, kila baada ya siku ya soko. Ilitoka wapi hasa, sikufuatilia. Mama Manka, mke wangu, ndiye aliyekuwa akirudi nayo kutoka soko la Kiboriloni. Mimi nilibanwa na usimamizi.

Babu zetu hawakuijua shida yako. Msonge wa Kichagga nyasi zake zilishuka mpaka chini, na humo ndani watu, ng'ombe na mbuzi walipashana joto. Nyumba ya namna hiyo haina lenta, na mtu hakwami kwenye lenta asiyokuwa nayo. Ukipenda, bomoa boma ukakate nyasi. Hupendi? Basi tuendelee.

Kwanza, kusimama kwa ujenzi si msiba. Zege la lenta linataka maji kila siku, walau wiki nzima, na nguvu yake mafundi wanaoijua kazi huihesabia siku 28. Wengi humwagilia siku ile tu mwenye nyumba anapotazama. Wewe hela huna, maji ya mfereji unayo. Mwagilia, na ukimwagilia imba. Langu nililiimbia kwa sauti ya nne, likashika hadi misumari inapinda. Halafu funika tofali za juu kwa majani makavu ya mgomba na uyagandamize kwa mawe, mvua isilowanishe ukuta.

Sasa fedha. Nakuona unavyoitolea macho mibuni. Kahawa ni zao la heshima. Wazee wetu waliungana kwa ajili yake mwaka 1925 wakaunda chama cha KNPA, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU. Sikuwa nimezaliwa, ila ukiyasoma mawazo yale utaona yanafanana mno na yangu. Lakini kahawa ina maringo: uchume nyekundu tupu, umenye siku hiyohiyo, uchachushe, uoshe, uanike, upeleke chama cha msingi, kisha ukae usubiri mnada wa Moshi. Mwenye duka la bati hasubiri mnada. Na kama mibuni yako ni ile ya babu, ugonjwa wa chulebuni unaifaidi kuliko wewe. Nenda kwa watafiti wa kahawa wa TaCRI pale Lyamungo, ulizia miche inayohimili chulebuni na kutu ya majani. Waambie umetumwa na Meku. Watasema hawanijui. Wivu wa wasomi huo.

Huyo dalali wako mnunulie miwani. Mkungu ukiwa mgombani yeye huupima kwa macho, na macho ya dalali yana ugonjwa wa kuona kila kitu kidogo. Kata mwenyewe. Tenga mshare za mtori, tenga kisukari za kuivisha, tenga za pombe, upeleke Kiboriloni au Mbuyuni kila aina na fungu lake. Ukizichanganya, mnunuzi atakulipa bei ya ile mbaya.

Ila subiri kwanza. Ndizi unazotaka kuuza ni za nani? Kwa desturi yetu fedha ya kahawa ilikuwa ya baba; ndizi na maziwa ni mkono wa mama. Umemuuliza mama watoto? Kahawa hulipa kwa msimu, ndizi hulipa kila soko, maziwa kila asubuhi. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo langu kubwa, ambalo kwa bahati mama Manka naye amekuwa akilisema tangu tuchimbe msingi: kila soko likivunjika, rudi na bati, hata mbili, uziweke stoo. Chagua geji moja na usiihame. Fahamu kuwa geji 28 ni nene kuliko geji 30. Namba ikipungua, bati linanenepa. Wauzaji wengine hawalisemi hilo mpaka uulize, na mimi huuliza kwa sauti ya nne.

Na kama fundi amekukimbia kwa sababu ya deni, mpelekee jani la isale. Mchagga aliyeletewa isale hana ujanja, lazima asamehe. Mimi kwa jani moja nilimrudisha fundi aliyekwisha kuvuka Himo. Mama Manka anadai alirudi kwa sababu alilipwa. Kila mtu na tafsiri yake.

Ndugu wa Dar waambie mapema kuwa mbuzi yupo, lakini hachinjwi mpaka kila mmoja aoneshe risiti ya bati. Hakuna bati, hakuna kisusio. Shemeji atakayeleta soda badala ya bati alale bomani, atazame nyota.

Ningekufafanulia na kupaua, ila mbege yangu imefika pale pazuri, na ndizi na ulezi zikishakubaliana hazimngoji mtu. Kwa kifupi: usiuze ndizi mgombani. Daftari la ujenzi na ufunguo wa stoo mkabidhi mama watoto. Wewe mwagilia zege.

*Meku, nimepanda parachichi za Hass huku Siha. Nimeshamwahidi fundi kuwa zitalipia paa mwakani. – Mvumilivu*

Mche wa kubebesha huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu au wa nne, na mwanzoni hutoa kidogo. Fundi atazeeka. Panda maharage na karoti katikati ya mistari, anza na banda la kuku, na ahadi ile kaifute leo, kabla hajanunua misumari.

Barua nyingine nitazijibu zikifika. Kila barua iambatane na mkungu wa mshare uliokomaa. Wenye mikungu michanga watajibiwa na dalali.