Chaki Isiyo na Mgongo

Mtu anayeuza mashine kuukuu ya kuchongea vyuma huwa hakudanganyi. Hukuacha ujidanganye mwenyewe. Aliyeniuzia mimi aliapa kwamba imekamilika, na kweli kila kitu kilikuwepo: kitanda, mota, gia, hata kopo la grisi iliyokwisha kuwa jiwe. Chaki ya taya tatu, ile inayoshika chuma kinachochongwa, nayo ilikuwepo, ndani ya gunia. Kilichokosekana ni bekipleti tu, lile bamba la duara linalofungwa kwa bolti mgongoni mwa chaki ili ipate kusokotwa kwenye pua ya spindeli, yaani ncha ya mhimili unaozunguka. Chaki isiyo na bekipleti ni nzito, ni ghali, na upepo ukivuma inazuia mlango vizuri sana.

Mashine yenyewe ni Myford ML7, iliyotengenezwa Beeston, karibu na Nottingham huko Uingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili. Pua yake ina kipenyo cha inchi 1 na 1/8, na nyuzi 12 kwa kila inchi, za mtindo wa Whitworth, wenye pembe ya digrii 55 na si 60 kama nyuzi za milimita. Nyuma ya nyuzi kuna shingo laini ya inchi 1.25. Shingo hiyo ndiyo inayoiweka bekipleti sawasawa. Nyuzi kazi yao ni kuvuta na kubana tu. Nayasema haya mapema kwa sababu washauri wangu hawakutaka kuyasikia.

Na washauri hawakukosekana. Simama mtaani Gerezani, kwa mafundi vyuma, na kipande cha chuma mkononi uone. Mmoja alisema hizo ni nyuzi za trekta. Mwingine alisema nitupe mashine ninunue ya Kichina, ushauri ambao nilimshukuru kwa ukali kidogo. Fundi niliyempa kazi ya kuchonga bekipleti aliitazama pua ya spindeli kwa jicho moja, akasema, "Bosi, hii milimita mbili hii." Nikamuuliza kama amepima. "Bosi, jicho langu hili lina miaka ishirini kwenye mashine."

Inchi moja ukiigawa kwa 12 unapata milimita 2.117. Tofauti na milimita mbili ni kama unene wa karatasi nzito, lakini nyuzi hazisamehe: kwenye uzi wa nane umeshapotea karibu milimita nzima. Bekipleti ya fundi iliingia kwa madaha mzunguko wa kwanza, ikaingia wa pili, kisha ikagoma. Haikwenda mbele, haikurudi nyuma. Ilikaa pale nusu imevaa, nusu iko uchi, na fundi akasema nilichokuwa nakiogopa: "Inakaa, bosi. Inataka nguvu tu."

Kwenye Myford ukiingiza gia za mwendo wa polepole bila kuachia kifungio cha mwendo wa kawaida, spindeli inajifunga isizunguke. Ni njia rahisi ya kuizuia ukitaka kufungua kitu kilichoganda, na ndiyo njia iliyong'oa meno ya gia nyingi. Fundi akafanya hivyo hivyo, na kabla sijamaliza kusema "usitie nyundo", nyundo ilikuwa imeshatua. Bekipleti ilifunguka. Fundi akaokota jino la gia sakafuni, akalipangusa kwa shati, akanikabidhi kama daktari wa meno anavyomkabidhi mtoto jino lake. Tangu siku hiyo mwendo wa polepole unagonga ko, ko, ko, mara moja kila mzunguko, na mgeni akiuliza namwambia ni kawaida ya mashine za Uingereza.

Ikabidi kazi ifanyike nyumbani, na hapo ndipo unapokuta kitendawili kamili. Kuchonga bekipleti kunahitaji kitu cha kuishika, na cha kuishika ni chaki, ambayo haishiki mpaka ipate bekipleti. Ukilifunga bamba kwa bolti kwenye ile sahani bapa iliyokuja na mashine, unaweza kulitoboa na kulikata nyuzi, lakini huwezi kulijaribu kwenye pua, maana pua yenyewe iko chini ya sahani. Kwa hiyo unachonga kwanza pua ya bandia kati ya senta mbili, vipimo vilevile, nyuzi zilezile, uwe unajaribia hiyo. Unatengeneza kitu ili kutengeneza kitu kitakachokuwezesha kutengeneza vitu.

Halafu kuna vumbi. Bekipleti ni chuma cha kusubu, na ngozi yake ya juu ni ngumu, ina mchanga. Kisu kikiigusa juu juu kinakuwa butu papo hapo, lazima kiingie kwa kina toka mwanzo. Kikishaingia, chuma hakitoi nyuzinyuzi za kung'aa bali unga mweusi mwembamba unaoingia puani, chini ya kucha, na kwenye mashuka yaliyoanikwa nje. Mke wangu aliinua foronya mbele ya jua, akaigeuza pande zote mbili, akauliza kwa upole wa kutisha, "Baba, siku hizi tunauza mkaa?"

Ikaisha hata hivyo. Uso wa mwisho niliuchonga bamba likiwa limeshasokotwa kwenye spindeli yake yenyewe, kama inavyotakiwa, ili kama pua ina upogo wake, chaki isiurithi. Chaki ikakaa kitako. Jirani aliyekuja kushangilia akabonyeza swichi ya kuzungusha kinyume, aone. Chaki ya kusokota ikizungushwa kinyume hujifungua. Ilijifungua, ikatua kitandani kwa kishindo, ikaacha kovu. Jirani alikumbuka ana mgonjwa wa kumtazama.

Sasa nimepata chaki ya pili, ya taya nne, nzima kabisa, kwa bei ya kutupwa. Haina bekipleti. Msomaji mwenye bekipleti ya inchi 1 na 1/8, nyuzi 12, anitafute tuzungumze. Mwenye ya milimita mbili abaki nayo.