Shikamoo, Halafu Ngumi

Kabla ya kunipiga, kijana aliniamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

Mimi nimelelewa Masasi na bibi ambaye angeweza kukunyima chakula kwa kosa la kutojibu salamu. Nikafungua mdomo. "Marahaba" haijafika hata nusu, ngumi ikatua kifuani. Haikuwa nzito, ilikuwa kama jirani anayebisha hodi saa ya chakula, kwa upole lakini kwa nia. Kilichoumia ni cheo. Kijana yule nimemfundisha hesabu darasa la 5, na nakumbuka vizuri kwamba kupima umbali kulimshinda.

Karate niliianza nikiwa na miaka 41 kwa sababu ya kitambi, na kitambi nilikipata msimu mmoja ambao korosho zilipata bei nzuri. Rika langu mchezo huu tuliusomea kwenye banda la video. Tulichojifunza ni kwamba steringi hafi, na kwamba maadui humjia mmoja mmoja, kila mtu na zamu yake, kama wagonjwa waliopewa namba kwa daktari. Hakuna mkanda ulioonyesha Bruce Lee akifanya mazoezi na mwenzake kwa upole, kisha wakaulizana kama kuna aliyeumia.

Kumbe kazi iko hapo. Mtindo wetu ni goju-ryu, wa Chojun Miyagi wa Okinawa. "Go" ni ugumu, "ju" ni ulaini. Dar es Salaam uliletwa miaka ya 1970 na Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, na kutoka huko wanafunzi wakausambaza. Kwetu ulifika na mtumishi wa serikali aliyepewa uhamisho: akashusha godoro, jiko la mkaa na mkanda mweusi. Ugumu nilikuja nao mwenyewe kutoka nyumbani. Ulaini ndio unaonitesa mpaka leo.

Jumamosi moja kila mwezi sisi wa Masasi, watu wa chini kwenye majabali, tunapanda uwanda wa Makonde kwenda kufanya kumite, yaani kupigana kwa mazoezi, na wenzetu wa Newala. Safari iliyopita nilijiandaa kisomi. Nilikuwa nimeagiza Kariakoo kikinga meno, kile cha plastiki unachokitia kwenye maji ya moto sekunde chache kisha unaking'ata kipate umbo la meno yako. Kilikuja na karatasi ya maelekezo. Mimi, ambaye kila siku nawaambia watoto "soma swali kwanza", sikuisoma. Nikakitumbukiza kwenye sufuria ya chai iliyokuwa jikoni na maji, nikatoka kupokea simu. Niliporudi nilikuta kitu kama bagia iliyozidiwa na moto. Nikakiopoa, nikamwaga maji, nikanyamaza. Jioni mke wangu aliniuliza kama nimebadili majani ya chai.

Kwa hiyo Newala nilifika na meno matupu. Bahati nzuri kwa wanaoanza kama mimi, shingo kwenda juu ni mwiko. Sensei wa Newala hana mzaha na hilo: anasema glavu inalinda zaidi mkono wa anayepiga kuliko kichwa cha anayepigwa, kwa sababu ubongo unatikisika ndani ya fuvu hata kama ngozi haijachubuka. Kabla ya kuanza anakagua kucha, saa, hereni na pete. Pete yangu ya ndoa ikagoma kutoka. Kidole nacho kilikuwa kimefaidi ule msimu wa korosho. Nikaomba maji na sabuni.

Kuomba maji ovyo Newala ni sawa na kuingia nyumba ya mtu ukaomba akufungulie sanduku la hati zake. Mji uko juu ukingoni mwa uwanda, maji yako chini bondeni, na safari ya ndoo moja watu wanaijua kwa miguu yao. Wakaniletea nusu kikombe. Watu 14 walinizunguka kuhakikisha hakuna tone linaloanguka. Pete ilipochomoka wakapiga makofi, na maji yaliyobaki yakamwagiwa mche wa mpapai.

Zoezi la kwanza linaitwa kinyonga. Mnapigana polepole sana, kila mmoja kwa kasi ileile, mpaka unaiona ngumi inavyokuja kama unavyoiona mvua ikitokea ng'ambo ya Ruvuma. Ni zoezi la watu waaminifu, na mimi nikagundua kwamba si mmoja wao. Kila ngumi ya yule kijana wa shikamoo ilipokaribia, mwili wangu ulikumbuka mbio.

"Mwalimu!" sensei akaita. "Kinyonga gani huyo anayeruka kama panzi? Ukiongeza kasi, umemdhulumu mwenzio."

Nikasahihishwa mbele ya mwanafunzi niliyemsahihisha miaka 6. Aliinamisha kichwa kwa adabu, mabega yakimtikisika.

Zoezi la pili ni vibanio vya nguo. Kila mtu anapewa 6, na kazi ni kumbana navyo mwenzio kwenye gi yake, yaani vazi la karate, bila kumpiga, kwa dakika 2. Nikapangwa na dada mmoja anayeuza vitumbua sokoni. Yeye Mmakonde, mimi Mmakua, ni watani, kwa hiyo hatukusubiri "hajime", yaani "anzeni".

"Mmakua, leo nakuanika kama muhogo."

"Dada, wewe kwanza umeacha nani kwenye karai?"

Utani wetu una sheria moja tu: anayenuna ndiye aliyeshindwa. Nilikuja kuelewa karate kupitia hapo, si kupitia Okinawa. Huyu dada alinigusa bega, kiuno, kiwiko, akacheka, nami nikacheka, na nilipokuwa nacheka sikukaza misuli, na niliposahau kukaza nikaanza kumwona. Nikambana kimoja kwenye mkono! Nilishangilia kama niliyefunga bao Uwanja wa Mkapa, na katika kushangilia nikampa mgongo. Mtu anayegeuza vitumbua kwenye mafuta ya moto tangu alfajiri usimpe mgongo.

"Yame!" Yaani "acheni". Nikajikagua: viwili kwenye mkono. Nikatangaza kwamba nimeshindwa kwa tofauti ya kimoja tu, na nikashangaa jinsi wote walivyokubali haraka.

Ili tuwahi kupiga picha kabla ya gari la mwisho, sikubadili nguo. Tulipita kwanza Shimo la Mungu, lile bonde la ukingoni mwa mji, tukapiga picha likiwa chini yetu na Msumbiji ng'ambo. Vijana wakasisitiza mimi nisimame mbele, niwape mgongo, nitazame mbali kama mtu mwenye fikra nzito. Stendi kila mtu alinisalimia kwa tabasamu. Nikasema moyoni, hawa Wamakonde kweli wanaheshimu walimu.

Nikapanda Noah. Konda akapokea nauli yangu, akanitazama mgongoni, akahesabu kwa kidole.

"Mzee, na hivi vinne navyo vinashuka Masasi?"