Mwongozo kwa Wanandoa Wanaokwenda Margaret River na Karavani

Mmeshalipia, kwa hiyo kuwakataza ni kupoteza wino. Tushughulikie namna ya kurudi mkiwa bado wawili. Margaret River iko kusini mwa Perth, Australia Magharibi, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari tupu. Mkikokota karavani, hesabuni saa nne, na ya tano ya kusimama pembeni kuulizana kama mlango ulifungwa. Haukufungwa.

Mtajiona mko nyumbani mapema mno. Usukani uko kulia, magari yanapita kushoto kama Tanga au Mombasa, na bahari ni ile ile ya Hindi, ila kule jua linatua majini badala ya kuchomoza humo. Mkifika mji wa Busselton, njiani, mtaliona gati la mbao la mita 1,841, na mmoja wenu atasema, "Twende kwa miguu mpaka mwisho." Kuna treni ndogo. Pandeni treni. Nguvu mtazihitaji jioni, mtakapopiga rivasi.

Katika rivasi, ukikata usukani kulia, tela linakwenda kushoto. Ukishtuka na kurekebisha kwa pupa, linajikunja kama jongoo aliyeguswa. Desturi ya kambi zote ni kwamba anayeendesha haoni na anayeelekeza hasikiki. Mwelekezaji husimama nyuma kabisa ya karavani, mahali pekee ambapo vioo vya pembeni havimfikii, akapunga mkono kwa namna inayoweza kuwa "njoo", "simama" au "nirudishe kwetu". Kisha: "Njoo, njoo, njoo... Baba Salma, mti!" Neno "mti" hufika baada ya mti. Majirani, wastaafu waliokwisha kulizunguka bara zima na matela yao, watakuwa wametoa viti nje tangu mlipoingia getini. Akija mzee wa kaptula akasema mpisheni ashike usukani, mpisheni. Tena mshukuruni, maana taa za nyuma ni ghali na kiburi ni bure.

Choo cha karavani kina tangi dogo la plastiki, na tangi hilo lazima mtu alibebe kwa mkono mpaka pa kumwagia. Picha za matangazo hazimwonyeshi mtu huyo. Kubalianeni ni nani kabla hamjatoka Perth, ikiwezekana mbele ya mashahidi.

Na kile kivuli cha turubai mnachokunjua ubavuni kikunjeni kabla ya upepo wa alasiri kuja. Wakati wa kiangazi huvuma kutoka baharini karibu kila siku, na haubishi hodi.

Sasa mvinyo, maana ndio uliowatoa nyumbani. Hadi miaka ya 1960 huku kulikuwa kwa ng'ombe wa maziwa na wakata magogo. Mtaalamu wa kilimo John Gladstones ndiye aliyeandika kwamba hali ya hewa yake ingewafaa wakulima wa zabibu, na mwaka 1967 Tom Cullity, daktari wa moyo wa Perth, akapanda shamba la Vasse Felix. Wakamfuata madaktari wenzake: Bill Pannell akaanzisha Moss Wood, na Kevin Cullen shamba ambalo hadi leo lina jina la ukoo wake. Kwa hiyo mkeo akikukumbusha kwamba daktari alikukataza, una haki ya kuuliza ni daktari yupi.

Katika chumba cha kuonjea mtamiminiwa tone la kulowesha kitako cha glasi na kuambiwa mnuse. Mwenyeji atasikia matunda meusi, jani la mkaratusi, na kwa mbali kasha la sigara. Ninyi mtasikia mvinyo. Tikiseni kichwa. Ndoo iliyo kando si ya maua, ni ya kutemea, na hakuna atakayewaona washamba mkiitumia. Anayemeza kila tone katika mashamba manne kabla ya chakula cha mchana atanunua katoni mbili za Cabernet Sauvignon, kisha aanze kuwahutubia watu kuhusu udongo.

Mpango wenu unavunjikia hapa. Mvinyo unataka mtu asiyeendesha, karavani inataka anayeendesha, na ninyi ni wawili tu. Kiwango cha mwisho cha pombe katika damu ya dereva ni asilimia 0.05, polisi hupima pumzi, na barabara iitwayo Caves Road ina kona, ina miti iliyosogea hadi ukingoni, na jua likitua ina kangaruu ambao hawajali nani ana haki ya kupita. Kama mmoja wenu hanywi, kwa dini au kwa tumbo, basi nyumba yenu ina hazina ambayo wengine huikodi kwa siku. Naye hatakosa cha kufanya: kuna jibini, na kuna marron, kamba mkubwa wa maji baridi wa mito ya huko. Aagize mezani tu. Kumvua mwenyewe kunahitaji leseni, na msimu wake ni mfupi.

Mkikaribia mwisho wa nchi, Cape Leeuwin, mtaona mnara wa taa uliofunguliwa mwaka 1896 na maelezo kwamba hapo Bahari ya Hindi inakutana na Bahari ya Kusini. Mtakaza macho kutafuta mpaka. Ni maji tu. Pigeni picha, mwende Hamelin Bay mkawatazame samaki waitwao taa wanaokuja hadi maji ya magotini. Msiwalishe, na msiwakanyage: mkia una mwiba.

Wazo la kulala bure ufukweni liacheni, kwani askari wa halmashauri huamka mapema kuliko ninyi na faini zao hazina punguzo. Ifungueni karavani kambini, muiache hapo hapo, na siku ya mvinyo mpande basi dogo la watalii lenye dereva wake. Likizo za shule za Desemba na Januari, na Pasaka pia, kambi hujaa, hivyo wekeni nafasi mapema. Mkiulizwa mnataka kiwanja cha namna gani, ombeni kile cha kuingilia upande mmoja na kutokea wa pili.