Mlinzi wa Viroba

Watu watakusifia mbwa mkubwa aliyeachwa na mwenyewe: hanyei ndani, hatafuni viatu, kafundwa tayari. Kafundwa nini, hapo hawasemi.

Wangu ni Jemani Shepadi, manyoya mazito na jua lote hili la Shinyanga. Alikuwa akilinda karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kule Nyarugusu, Geita. Mawe yalipokata, mwenye karasha akang'oa mashine, akapakia, akaondoka. Mbwa akabaki na mnyororo na jina lake, Bosi. Shemeji yangu akapiga simu: "Shemeji, mbwa wa bei mbaya huyu, bure kabisa, njoo umchukue." Bure! Tangu lini machimboni kukawa na cha bure?

Karasha hunguruma usiku kucha. Bosi kalelewa na kelele hizo, kwa hiyo kimya cha mtaani kwetu Ngokolo kinamtisha. Majirani wakilala tu, anabweka mpaka alfajiri. Mashine ya kusaga unga ikiwashwa asubuhi, ndipo anakoroma.

Halafu viroba. Kule alijua jambo moja: mawe ya dhahabu yamo kwenye viroba, na kiroba hakiguswi. Viroba vya pombe serikali ilivipiga marufuku mwaka 2017. Vyangu, vya unga, mkaa na michembe, kavipiga marufuku Bosi. Cha unga ndicho kitanda chake. Mama watoto akisogea na bakuli, anaonyeshwa meno. Juzi ugali tumekula kwa jirani. Wiki hiyohiyo kibaka kaingia uani, kabeba kuku wawili mkononi, kapita mbele ya pua ya Bosi. Hawakuwa kwenye kiroba.

Mbegu hii ya Jemani Shepadi, Mjerumani Max von Stephanitz alianza kuisajili mwaka 1899, mbwa wa kuchunga kondoo. Nikasema basi, Usukumani hatukosi mifugo, nikamtoa na mbuzi wa mzee wa jirani. Beberu alimkazia macho mara moja tu. Bosi akarudi nyumbani kulinda mkaa.

Na kula anakula! Ugali kwa dagaa wa Ziwa Victoria, na dagaa wakipungua ananitazama kama mdai.

Mwenye karasha anayehitaji mlinzi, Katoro au popote, aje Ngokolo. Chanjo ya kichaa cha mbwa Bosi kapata, kadi ninayo. Kadi yenyewe anailinda, imo kwenye kiroba cha michembe.