Sahani Tatu na Mkwe Mmoja

Video imekwisha kufika Mbeya. Najua kwa sababu shemeji yangu wa huko, mtu ambaye salamu zake za Krismasi hutufikia Machi, amenirushia asubuhi hii bila neno lolote, ila vikatuni vitatu vinavyocheka hadi machozi. Kuna kijana wa ukoo, simtaji, aliyekata kile kipande cha kuanguka, akakipunguza mwendo na kukipachikia singeli. Kwa hiyo sasa sahani yangu ya juu inainama taratibu, kwa adabu, kana kwamba inampa mama wa watu shikamoo. Kapkeki ya kwanza inajitoa, ya pili inaifuata, na ngoma inapokolea mnara wote unamwagika kifuani pa mama mzaa bwana harusi, aliyevaa kitenge alichokishonea siku hiyo moja tu.

Krimu ilikuwa ya dhahabu, kitenge cha buluu iliyoiva. Wanasema picha imetoka vizuri.

Kamati ya sendofu ya binti wa kaka yangu ilipokaa, kila kitu kilipata fungu lake: ukumbi, mpambaji, mshereheshaji, gari, hadi kijana wa kurusha droni, ingawa ukumbi wenyewe una dari. Ilipofika zamu ya kapkeki za meza kuu na wakwe, pamoja na stendi ya ghorofa tatu ya kuzipangia, mwenyekiti alifunga daftari. "Hiyo shangazi atatutengenezea. Ana mikono yule." Wote wakaitikia kwamba kweli, nina mikono. Mikono yenyewe wakati huo ilikuwa jikoni, inawakaangia mihogo.

Stendi ya dukani haina siri. Ni sahani zilizotobolewa katikati, nondo nyembamba yenye hesi imepitishwa humo, na kati ya sahani na sahani kuna kibomba cha chuma. Unakaza nati juu, unakaza nati chini, kila kitu kimebanwa wala hakuna gundi. Kazi iko kwenye kutoboa. Sahani ngumu ya kauri haikubali biti ya ukutani. Inataka biti yenye chembe za almasi, drili iende polepole bila kugonga, na maji yadondoke muda wote pale inapokula, la sivyo sahani inapata joto mahali pamoja na kupasuka. Fundi wa vigae mtaani kwetu anayo biti hiyo. Aliponitajia bei ya tundu moja, nikamuuliza kama anatoboa sahani au kisima.

Basi tukaangukia kwenye gundi, tena supaglu. Sahani tatu nyeupe nilizipata Kariakoo, na za kuzitenganisha nikachukua glasi mbili za mvinyo zenye miguu mirefu, ambazo ukizigeuza juu chini zinakuwa nguzo nzuri sana. Kupanda daladala na glasi za mvinyo mapajani, huku mama mmoja wa umoja wa wanawake wa usharika wetu amekaa kiti cha mbele na anageuka geuka, ni habari yenye ibada yake.

Hesabu nilipiga mwenyewe, na hadi leo naitetea. Kapkeki moja inataka nafasi ya sentimita 7. Sahani ya chini yenye upana wa sentimita 30 inazungukwa na kapkeki 10. Ya katikati, sentimita 25, inabeba 8. Ya juu, sentimita 20, inabeba 5 pembeni na 1 katikati kwa heshima. Jumla 24. Kila moja ikiwa na gramu 70 pamoja na krimu yake, mzigo wote haufiki hata kilo 2. Mtoto mchanga ni mzito zaidi, na hakuna anayeogopa kumpokea.

Supaglu ni kitu cha ajabu, na hapa naomba mnivumilie. Gundi nyingi hukauka kwa kupoteza maji. Hii hukaza kwa kuyapata. Unyevu kidogo tu uliotanda juu ya sahani, ambao jicho haliuoni, ndio unaozianzisha chembe zake kuungana moja baada ya nyingine hadi zinakuwa mnyororo mgumu. Ndiyo maana inawahi kushika vidole kabla ya kile ulichokusudia kukigundisha: vidole vina jasho. Na kwa Dar es Salaam, mji ambao chumvi haikubali kutoka kwenye kichupa chake, supaglu iko nyumbani kabisa.

Aliyeikuta ni mkemia Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak ya Marekani, mwaka 1942, akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Ikang'ang'ania kila kilichoigusa, naye akaiweka kando. Mwaka 1951 mwenzake, Fred Joyner, alipaka tone lake katikati ya vioo viwili vya kifaa cha kupimia jinsi mwanga unavyopinda. Vioo vikagandana. Kifaa cha bei mbaya, mali ya mwajiri, kimekwisha kazi. Hakuna aliyemrekodi Joyner akamwekea singeli. Walikaa, wakatafakari, wakaona kumbe kuna jambo hapa, na mwaka 1958 gundi ikaingia sokoni. Mwanamume akiharibu mtambo wa maabara, ni ugunduzi. Mimi nimeharibu kapkeki zilizobaki, wala si zote, maana nne ziliokotwa zikaliwa, na ukoo mzima unasema "lile la shangazi."

Udhaifu wa supaglu unaonihusu ni mmoja. Ukizivuta sahani mbili wima, inapambana nawe kiume. Ukianza kubandua kutokea ukingoni, inaachia. Nilijua. Ndiyo maana ghorofa ya juu, ambako mdomo wa glasi haukukaa sawasawa, nilimkabidhi fundi wa madirisha ya aluminiamu, naye akanimiminia silikoni. Silikoni nayo inakaza kwa unyevu wa hewa, na inapokaza inatoa harufu ya siki. Ukiamka usiku ukadhani mtu anatengeneza kachumbari sebuleni, ni yenyewe, iko kazini. Ila inaanzia nje kwenda ndani, kwa mwendo wa milimita 2 au 3 kwa siku. Fundi, kwa ukarimu wake, aliweka bonge la kushiba. Nje likawa gumu, limeng'aa, ukilibonyeza halikwambii lolote. Ndani lilikuwa bado halijaamua.

Hata hivyo ingesimama. Nasema ingesimama, na yeyote mwenye shaka aje na sahani zake nimwonyeshe. Kapkeki zikiwa zimezunguka sawasawa, gundi haina kazi kubwa: uzito unashuka wima kwenye mguu wa glasi, unapita sahani ya chini, unaishia mezani. Tatizo linaanza upande mmoja unapopungua. Hapo sahani inageuka mzani. Zile zilizobaki nyuma zinavuta chini, ukingo wa mbele unanyanyuka, na gundi iliyozoea kukaliwa tu sasa inabanduliwa, jambo ambalo tumekwisha kusema haliwezi. Kadiri kiungo kinavyolegea ndivyo sahani inavyoinama, na kadiri inavyoinama ndivyo mzigo unavyozidi kuhamia kule kule inakoelemea.

Kwa hiyo nilimwambia mpambaji, mbele ya mashahidi: meza ya stendi ikae katikati, watu waizunguke. Mpambaji akaniambia katikati inaharibu mandhari. Akaisogeza hadi kwenye pazia la maua, upande wa nyuma ukalala kwenye kitambaa, na wote waliokuja kuchukua wakachukua mbele. Ungefanyaje wewe, uingie nyuma ya pazia kutafuta kapkeki? Isitoshe, joto. Siagi inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 au zaidi kidogo, na ukumbi uliojaa watu, mwezi wa Februari, feni zimeelekezwa meza kuu, unazifikia nyuzi hizo kabla mshereheshaji hajamaliza kujisifu. Krimu ikawa inateremka yenyewe kwenye sahani, na sahani yenye mafuta haina mahali pa kumshikilia mtu.

Nilikuwa nimesimama pembeni nikiangalia ile ya juu. Nikaona imeinama kidogo kurudi nyuma. Nikamfuata mpambaji, naye akanionyesha kiganja: subiri, wakwe wanaitwa. Mshereheshaji akaita wakwe watarajiwa. Wakaja kwa madaha, wakicheza, nasi tukiwapungia leso. Mama wa bwana harusi akafika, akaona sahani ya juu imebakiwa na kapkeki za nyuma tu. Akafanya kile ambacho mama yeyote mwenye akili angefanya: akaishika sahani ukingoni akaigeuza kwake.

Zile za nyuma zikaja mbele, pamoja na mambo mengine.

Mshereheshaji hulipwa ili kusiwe na ukimya. Ukimya ulidumu muda wa kumeza mate, akapaza sauti: "Jamani, baraka zimemmwagikia mama! Vigelegele!" Na watu wakapiga vigelegele. Nawaapia. Ukumbi mzima. Mtu wa muziki akafungulia, wifi yangu akaja na taulo huku akicheza ili wageni wadhani imepangwa, mama wa watu naye, Mungu ambariki, akacheza, krimu inamdondoka. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa chini ya meza, nikiokota vipande vya glasi kabla mtoto hajavikanyaga.

Mwishoni zikasomwa shukrani. Akashukuriwa mwenye ukumbi, mpambaji, mtu wa muziki, na kijana wa droni ambaye droni yake haikuruka kwa sababu ya dari niliyoitaja. Kisha wakashukuriwa "wale wote ambao hatukuweza kuwataja kwa majina." Nilikuwa nimekesha nikioka. Unga, mayai, siagi, sukari ya unga, rangi ya dhahabu, umeme, sahani, glasi, nauli, vyote vilitoka kwenye mkoba wangu, kwa sababu mtu mwenye mikono haombwi risiti. Mchango wangu wa kadi nao nilitoa, kamili, na waliupokea. Nimechunguza jambo hili katika sherehe nyingi: kila kinachofanywa na mwanamume mwenye mashine kina bei, na kila kinachofanywa na mwanamke wa ukoo kina sifa. Sifa hazinunui hata kiroba cha unga.

Tangu hapo nimetengeneza nyingine. Ya maboksi, kwa ajili ya kipaimara, ilisimama imara hadi sisimizi walipoihamia. Ya vipande vya mbao kutoka Keko ilipendeza mno, mtu akaiazima. Ya chuma, kazi ya fundi wa Gerezani, haijaanguka wala haitaanguka, na kwa kuwa inabebwa na watu wawili, imewekwa barazani na kupandwa maua.

Jumapili iliyopita mwenyekiti yule yule alinifuata baada ya ibada. Mdogo wake bibi harusi naye ameposwa. Safari hii nilikuwa tayari: nikatoa kwenye mkoba ankara iliyoandikwa kwa mashine, yenye vifaa, kazi ya usiku kucha, usafiri, na mstari wa mwisho unaosema meza ikae katikati ya ukumbi, mpambaji asiisogeze. Akaisoma yote, polepole, akitikisa kichwa kwa heshima. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Dada," akasema, "kumbe na kuchapa unajua? Hebu tusaidie kadi za mwaliko."